Asilimia ya mwendo wa mbegu za fahali haitoshi bila kuelezwa ilivyopimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia hapa Kabete na Limuru hadi Nyandarua na kwingineko, ingawa ni nadra kujadiliwa nje ya maabara. Mfugaji anaponunua mrija wa mbegu za fahali, ziwe za humu nchini au zilizoagizwa kutoka ng'ambo, siku hizi huonyeshwa karatasi yenye nambari ya mwendo, yaani sehemu ya mbegu zinazoogelea: asilimia 60, asilimia 70, pengine hata 80. Mimi ni mfanyakazi wa maabara hapa Nairobi, na kupima mwendo wa mbegu za wanyama ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ninachotaka kueleza ni kwamba nambari hiyo, ikiwa peke yake, haimpi mfugaji jambo la kutegemea. Nambari mbili zinazolingana zaweza kutoka kwa mbegu za ubora tofauti kabisa, na nambari mbili zinazopishana sana zaweza kutoka kwa fahali yuleyule, tena kwa mirija iliyojazwa siku moja. Tofauti huletwa na namna ya kupima, na hiyo ndiyo ambayo wauzaji hawaielezi na wanunuzi hawaiulizi.

Mwaka jana mfugaji mmoja kutoka upande wa Limuru alitujia na mirija iliyobaki katika mtungi wa chama chao cha ushirika, pamoja na karatasi ya muuzaji iliyoonyesha mwendo wa asilimia 75. Ng'ombe waliopandishwa kwa mbegu hizo walikuwa wakirudia joto, yaani hawakushika mimba. Tuliyeyusha mirija hiyo katika maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika, tukaipima, na mbegu zilizokuwa zikisonga mbele zikawa chini ya nusu. Mfugaji huyo aliamini kwamba ametapeliwa. Lakini karatasi iliposomwa kwa makini, ilionekana kwamba ile asilimia 75 ilikuwa ya shahawa mbichi, siku fahali alipokamuliwa, kabla mbegu hazijagandishwa. Nambari haikuwa ya uongo, ila ilikuwa jibu la swali ambalo mfugaji hakuliuliza. Yeye alitaka kujua ni mbegu ngapi zitakuwa zinaogelea wakati zinapoingizwa katika mji wa mimba wa ng'ombe wake, na hilo halikuandikwa popote.

Kugandisha huziharibu mbegu nyingi hata kazi inapofanywa kwa ustadi. Tangu mwaka 1949, wanasayansi Polge, Smith na Parkes walipoonyesha huko Uingereza kwamba gliseroli huzikinga mbegu za jogoo zisiangamie zinapogandishwa, mbinu hiyo imeboreshwa sana, na leo mirija huhifadhiwa kwa miaka mingi katika nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Pamoja na hayo, si ajabu shahawa iliyoanza na mwendo wa asilimia 70 kubaki na 45 au 50 baada ya kuyeyushwa, na mirija ya aina hiyo hutumika kila siku na ndama huzaliwa. Kwa hiyo, anayeandika nambari bila kusema ni ya kabla au ya baada ya kugandishwa anamwacha msomaji gizani kuhusu jambo lililo kubwa kuliko yote.

Hata tukikubaliana kwamba kipimo ni cha baada ya kuyeyushwa, bado kuna maswali. La kwanza ni joto. Mbegu za fahali huogelea vizuri kwenye joto la mwili wa ng'ombe, na hupunguza kasi mara tu joto linaposhuka. Asubuhi za mwezi wa Julai hapa Nairobi, chumba kisichopashwa joto huwa cha baridi kiasi kwamba slaidi iliyolala mezani usiku kucha huuma vidole. Ukidondosha shahawa kwenye kioo hicho na kuangalia kwa hadubini, utaona mbegu nyingi zimezubaa, nyingine zikizunguka papo hapo kwa sababu mkia umepinda, na unaweza kuandika asilimia 20 kwa shahawa inayostahili 60. Ndiyo maana maabara makini hupasha kila kitu kitakachogusa shahawa, yaani slaidi, kifuniko chake cha kioo, ncha ya pipeti, kimiminika cha kuzimulia na meza yenyewe ya hadubini, hadi kufikia nyuzi 37. Si kwamba baridi huzipunguzia kasi tu. Shahawa mbichi ya fahali, kondoo dume au nguruwe ikipozwa ghafla, utando wa nje wa mbegu hupasuka na mwendo uliopotea haurudi hata joto likirejeshwa. Umeme ukipotea katikati ya kazi, jambo ambalo sote hapa tunalijua, meza ya hadubini hupoa haraka, na kipimo kinachochukuliwa wakati huo kinafaa kutupwa na kurudiwa.

La pili ni kina cha tone, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu ndipo makosa mengi yanapojificha. Mbegu ya fahali ina urefu wa takriban maikromita 70 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kichwa chake kikiwa bapa, cha maikromita 9 kwa 5 hivi, na mkia unaopiga huku na huku unahitaji nafasi. Ukiweka maikrolita 10 (maikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita) za shahawa iliyozimuliwa chini ya kifuniko cha milimita 22 kwa 22, utapata tabaka lenye kina cha maikromita 20 hivi, ambalo linatosha kwa mbegu kuogelea bila kubanwa na bado zote zikaonekana vizuri. Tone hilohilo chini ya kifuniko cha milimita 18 kwa 18 hutoa kina cha maikromita 31, na hapo baadhi ya mbegu huwa juu na nyingine chini, nje ya macho ya hadubini, zikitokea na kutoweka. Tabaka likiwa jembamba mno, mikia hukwaruza kioo na mwendo hupungua. Mtu anayedondosha tone kwa kukisia na kulifunika kwa kifuniko chochote kilicho karibu hapimi mbegu za fahali, anapima tone lake mwenyewe. Vilevile lazima asubiri sekunde chache hadi mkondo wa maji chini ya kifuniko utulie, la sivyo mbegu zilizokufa zitapita mbele ya macho yake zikisukumwa na maji naye atazihesabu kuwa zinaogelea.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho bado nakiheshimu, nacho ni cha kuangalia shahawa mbichi ambayo haijazimuliwa wala kufunikwa, kwa ukuzaji mdogo. Mbegu zikiwa nyingi na zenye nguvu, hazionekani mojamoja. Kinachoonekana ni mawimbi meusi yanayoviringika kama mawingu ya mvua za masika, yakivunjika na kujiunda upya. Mpimaji huyapa alama kutoka 0 hadi 5. Kipimo hiki hufaa sana kwa kondoo dume, ambaye shahawa yake ni kidogo lakini nzito, yenye mbegu bilioni kadhaa kwa kila mililita, na hufaa pia kwa fahali. Lakini mawimbi hutegemea wingi wa mbegu sawa na yanavyotegemea mwendo wake, kwa hiyo alama ya 4 haiwezi kugeuzwa kuwa asilimia 80, kama nilivyowahi kuona ikifanywa katika kijikaratasi cha matangazo.

Sasa nije kwenye hesabu. Tangu Mholanzi Leeuwenhoek, aliyejitengenezea hadubini, alipoziona mbegu kwa mara ya kwanza mwaka 1677, kwa muda wa karne tatu chombo cha kupimia kilikuwa jicho la mtu. Jicho lina tabia zake. Huvutwa na kinachosogea, hivyo mpimaji asiyejihadhari hukadiria mwendo kuwa juu kuliko ulivyo, na akichoka huzungusha nambari hadi 50, 60 au 70. Tiba yake ni kuhesabu kweli, mbegu moja baada ya nyingine, katika sehemu kadhaa za slaidi. Hata hapo idadi ina uzito wake. Ukihesabu mbegu 100 na kupata kwamba 50 zinaogelea, hesabu za takwimu zinasema kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 40 na 60. Ukihesabu 400, wigo huo hupungua hadi kati ya 45 na 55. Kwa hiyo muuzaji mmoja akisema 52 na mwingine akisema 58, na kila mmoja alihesabu mbegu 100 tu, hakuna msingi wowote wa mfugaji kulipa zaidi kwa ajili ya ile 58. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wafugaji wakilipa.

Wengi sasa hudhani kwamba mambo haya yamemalizwa na kompyuta. Mitambo ya kuchanganua mbegu kwa kompyuta, inayojulikana kwa kifupi kama CASA, ni hatua kubwa, nami naitumia kwa furaha. Kamera iliyofungwa kwenye hadubini hupiga picha nyingi kwa sekunde, nayo programu hufuata kichwa cha kila mbegu kutoka picha moja hadi nyingine, kisha hutoa asilimia ya zinazosogea, asilimia ya zinazosonga mbele, kasi ya njia yenyewe iliyopindapinda, kasi ya mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na upana wa kuyumba kwa kichwa. Dakika chache zinatosha kupima mbegu mamia kadhaa bila kuchoka na bila kupendelea. Hayo yote ni faida za kweli.

Lakini mtambo hutii ulivyopangwa. Ni binadamu anayeuambia kwamba mbegu yenye kasi chini ya kiwango fulani ihesabiwe kuwa imesimama, na kwamba yenye njia iliyonyooka kupita kiwango fulani ihesabiwe kuwa inasonga mbele. Sogeza viwango hivyo kidogo na shahawa ileile itapanda au kushuka. Idadi ya picha kwa sekunde nayo ina athari: kichwa cha mbegu huyumba upesi kushoto na kulia, na kamera ya picha 25 kwa sekunde hukosa mizunguko ambayo kamera ya picha 60 huinasa, hivyo njia huonekana fupi na kasi huonekana ndogo, ilhali mbegu hazijabadilika. Shahawa ikiwa nzito mno, njia za mbegu hukatizana na programu huchanganya mbegu moja na nyingine, ndiyo sababu ni lazima izimuliwe kwanza.

Kuna tatizo jingine ambalo hapa kwetu hulikuta mara kwa mara. Vimiminika vingi vya kuzimulia shahawa ya fahali hutengenezwa kwa kiini cha yai, kwa kuwa kiini hicho hukinga utando wa mbegu dhidi ya baridi. Chembe za mafuta za kiini huelea katika tone, na baadhi zinakaribiana na kichwa cha mbegu kwa ukubwa. Jicho la mzoefu huzitambua papo hapo. Programu isiyo na rangi ya kung'arisha vinasaba huziona kama mbegu zilizosimama, na mwendo unaotangazwa hushuka bila sababu. Nimeshuhudia maabara moja ikikataa mirija kadhaa mizuri kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akikaa kwenye kompyuta na kutazama picha kabla ya kuamini jedwali, anaweza kuligundua kosa hilo chini ya dakika moja. Akipokea jedwali tu, hatalijua kamwe.

Nambari ya asilimia pia haisemi mbegu ni ngapi. Chukua mrija wenye mbegu milioni 20 na mwendo wa asilimia 50 baada ya kuyeyushwa: una mbegu milioni 10 zinazoogelea. Chukua mwingine wenye mbegu milioni 12 na mwendo wa asilimia 60: una milioni 7.2. Tangazo litausifu huu wa pili, ilhali wa kwanza ndio wenye mbegu nyingi zaidi zitakazoanza safari. Mirija yenyewe ni ya robo mililita au ya nusu mililita, na mfugaji hawezi kukisia kwa kuitazama.

Nitaje kwa ufupi wanyama wengine, kwa kuwa namna ya kupima lazima ifuate mnyama. Shahawa ya nguruwe haihifadhiwi kwenye baridi ya friji bali kwenye nyuzi 17 hivi, na hupashwa joto ndipo ipimwe. Kwa kambare, ambaye vifaranga vyake huzalishwa katika vituo vya samaki kama vile Sagana, mbegu hazisogei kabisa zikiwa ndani ya shahawa. Maji ndiyo huziamsha, nazo huogelea kwa muda mfupi sana kisha zikaisha nguvu, hivyo mpimaji lazima awe tayari ameshaweka jicho kwenye hadubini kabla ya kudondosha maji. Maji hayohayo yakiingia katika shahawa ya fahali huikunja mikia na kuziua mbegu, na kwa sababu hiyo tone la maji lililosalia katika mrija wa maabara ambao haukukaushwa vizuri linaweza kuharibu kipimo cha siku nzima.

Naomba nisieleweke kwamba mwendo ndio kila kitu. Mbegu inaweza kuogelea vizuri huku vinasaba vyake vimekatika au kofia yake ya kupenyea yai imeharibika, na ndiyo maana maabara nzuri huongeza vipimo vingine, kama vile kupaka rangi ya eosini ambayo huingia katika mbegu zilizokufa na kuziacha zilizo hai zikiwa nyeupe. Kwa upande mwingine, baada ya faru mweupe wa kaskazini aitwaye Sudan kufa Ol Pejeta mwezi Machi mwaka 2018, wataalamu waliunda viinitete kwa kutumia mbegu za madume zilizogandishwa zamani, wakizidunga moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano, njia ambayo haihitaji mbegu kuogelea umbali wowote. Mfugaji wa Githunguri hana njia hiyo. Mbegu zake lazima ziogelee zenyewe, na kwake mwendo uliopimwa sawasawa bado ni miongoni mwa vipimo vya kwanza vya kuangalia, hasa ukipimwa mara mbili: mara tu baada ya kuyeyushwa, na tena baada ya mbegu kukaa saa mbili au tatu kwenye joto la mwili. Mbegu zinazoanza na asilimia 55 na kubaki na 10 baada ya saa hizo hazinipi imani kama zile zinazoanza na 50 na kubaki na 35. Ng'ombe huachilia yai saa kadhaa baada ya joto kwisha, na mbegu zinapaswa kuwa bado zina nguvu wakati huo.

Nchi hii si mgeni katika kazi hii. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, yaani cha kupandisha ng'ombe kwa mirija, ambacho leo kinajulikana kama KAGRC (Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama cha Kenya), kilianzishwa mwaka 1946, na wapo wataalamu wengi waliofunzwa vyema katika chuo cha mifugo kilicho karibu nacho. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni desturi ya kuuandika kwenye karatasi inayomfikia mnunuzi. Serikali za kaunti zinazonunua mirija kwa wingi ili kuwapunguzia wafugaji gharama zina uwezo wa kuianzisha desturi hiyo kesho, kwa kuandika katika zabuni zao kwamba kila kundi la mirija liambatane na maelezo mafupi: mwendo wa kusonga mbele baada ya kuyeyushwa, idadi ya mbegu katika mrija, joto la kuyeyushia na la kupimia, idadi ya mbegu zilizohesabiwa, na kama ni jicho au mtambo uliotumika, na ikiwa ni mtambo, ulipangwa vipi. Maelezo hayo hayazidi mistari sita, na muuzaji aliyepima kweli anayo tayari katika daftari lake. Gazeti lako nalo, linapochapisha habari za mbegu mpya zinazosifiwa kwa asilimia, linaweza kumwuliza msemaji maswali hayohayo kabla ya kuichapa nambari.

Kwa vyama vya ushirika nina ombi moja zaidi. Kila mnapopokea kundi jipya, wekeni kando mirija michache msiyoitumia hadi ng'ombe wa kwanza waliopandishwa wathibitishwe kuwa na mimba. Ng'ombe wengi wakirudia joto, mtakuwa na cha kuleta kupimwa, na itajulikana kama kasoro ni ya mbegu, ya mtungi uliopungua nitrojeni, au ya wakati wa kupandisha. Mirija hiyo iletwe ndani ya mtungi wa nitrojeni wala si katika barafu ya friji, kwa sababu mrija uliowahi kuyeyuka njiani hauwezi tena kuonyesha ubora wa kundi ulikotoka.

Wako mwaminifu,
Mfanyakazi wa maabara ya mifugo,
Kabete, Nairobi